Katapila Lililosimama Mbele ya Itoka

Lami ya moto ina harufu inayoingia puani na kukataa kutoka. Si harufu nzuri, tusidanganyane. Ni kama mtu amechoma gurudumu la lori halafu akalizima kwa mafuta ya taa. Wiki iliyopita walikuwa wakiimwaga kwenye barabara inayopita mbele ya ploti tunakokaa hapa Ruring'u, na mimi nilikuwa nimembeba binti yangu mgongoni nikivuka mtaro waliouacha wazi mlangoni petu kwa wiki tatu, bila hata ubao wa kukanyaga. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia yule jamaa wa koti la rangi ya chungwa, na hayakuwa maneno ya kusomwa mbele ya watoto. Halafu ile harufu ikanipata hapo katikati, mguu mmoja huku, mwingine kule, na maneno yote yakanipotea. Nikasimama nikiivuta kama mjinga. Kwa dakika nzima sikuwa mama wa mtu. Nilikuwa na miaka minane, magoti yamejaa udongo mwekundu, mdomo wazi, nikitazama kitu cha manjano kikubwa kuliko kanisa letu kikipanda kilima chetu.

Acha niwaambie habari ya kitu hicho. Nimekaa nayo miaka mingi, na mara nyingi nimeisimulia vibaya.

Mimi sikulelewa mjini. Mama yangu alikuwa akifua na kupikia watu hapa Nyeri, akaniacha kwa mama yake, ambaye sisi wote tulimwita Shosho. Nyumba ya Shosho ilikuwa juu ya Wamagana, kwenye kilima ambacho upande mmoja ni majani chai na upande mwingine ni kahawa, na katikati watu wamebanana, kila mmoja na kipande chake kama vipande vya keki ya harusi ya maskini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, imepakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa wasiile. Jiko lilikuwa kando, jeusi kwa moshi hadi ukigusa ukuta unapata kidole cheusi. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwenye madharau na kipande cha majani ya nepia cha kumlisha. Hiyo ndiyo ilikuwa mali. Babu yangu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, na Shosho alikuwa amelima hapo tangu alipoletwa akiwa bibi harusi.

Sasa muelewe jambo moja: kila mtu kilimani alitaka barabara. Msije mkafikiri hii ni hadithi ya watu wa zamani waliochukia maendeleo. Mvua ya Aprili ikianza, gari la maziwa lilikuwa likikwama chini mtoni, na akina mama walimwaga maziwa kwa mbwa huku wakilaani. Mjamzito akizidiwa alibebwa kwa kiti cha jikoni, wanaume wanne, matope magotini, hadi barabara kuu. Kanisani tuliiombea barabara kila Jumapili kabla ya kuwaombea wagonjwa. Shosho mwenyewe alikuwa akisema "amina" hiyo kwa nguvu kuliko wote.

Masaveya, wale wapima ardhi, walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walipita chini kabisa, kwenye tambarare, wakapigilia vigingi vyenye kichwa chekundu kupitia shamba kubwa la chai la mheshimiwa mmoja. Simtaji jina. Si kwa heshima, ni kwa sababu ana mawakili. Njia ile ilikuwa imenyooka hivi kwamba hata mimi mtoto niliona ni barabara. Tukashangilia. Miezi ikapita. Halafu wakaja masaveya wengine, na hawa hawakupita chini. Walianza kupanda kilima.

Nakiri kwamba niliwapenda. Walikuwa na ile darubini ya miguu mitatu, na siku moja mmoja wao, mzee mwenye kofia ya kusokotwa, akaniita. "Kasichana, kuja uone." Akaniinua. Nikaweka jicho. Mbele yangu, upande wa pili wa bonde, alitokea Shosho akikama ng'ombe, karibu hivi kwamba nilinyoosha mkono kumgusa kitambaa cha kichwa. Niliona hata mdomo wake ukisogea. Alikuwa akimtukana ng'ombe. Katikati ya picha kulikuwa na msalaba mwembamba mweusi, na ule msalaba ulikuwa umemkaa Shosho kifuani.

Niliona ni kitu cha ajabu kuliko vyote duniani. Nilikimbia kumwambia kwamba nimemwona kwa kioo. Wiki iliyofuata kigingi kimoja kilikuwa kwenye nepia na kingine hatua tatu kutoka mlango wa jiko.

Kilimani kwetu watu waliamini kwamba barabara inafuata vigingi, kama mbuzi anavyofuata kamba. Kwa hivyo kila alfajiri vigingi vilikuwa vikitembea. Jirani yetu, Baba Karanja, mzee mwembamba aliyetembea na panga hata akienda kanisani, aliamka kabla ya jogoo, akaking'oa kigingi chake na kukichomeka kwa shemeji yake. Shemeji akakihamishia kwa mwalimu. Mwalimu akakirudisha kwa Baba Karanja. Asubuhi moja tulikuta vigingi sita vimesimama kwa mjane mmoja ambaye alikuwa amelala tu, hana habari, kama amepandiwa kitalu cha miche. Watu walicheka hadi wakalia. Masaveya hawakucheka wala hawakukasirika. Walifungua karatasi yao ndefu, wakatazama, wakapigilia vigingi vipya palepale pa zamani, wakaenda zao. Hapo ndipo tungeelewa. Hatukuelewa.

Chifu akaita baraza. Shosho alivaa gauni la kanisani akaenda kusema kwamba kuna nyumba katika njia hiyo, na kwamba anataka kujua kwa nini barabara imeacha tambarare ikaja kupanda mlima kama mbuzi. Aliinuka, akaanza. Karani wa chifu akamkatiza.

"Mama, hiyo shamba iko na jina ya nani?"

"Ya mzee wangu."

"Basi mzee aje aongee."

"Mzee ako chini ya mchanga miaka kumi na mbili," Shosho akasema. "Nikamwite, ama utaenda wewe?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata chifu alificha mdomo. Lakini karani aliandika kitu kwenye daftari lake, na wakati wa kicheko kile mkutano uliendelea kwa mtu mwingine. Kwenye karatasi Shosho hakuwepo. Kulikuwa na marehemu na kulikuwa na barabara. Nilimshika mkono tukirudi, na kiganja chake kilikuwa kimeloa jasho, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulihisi. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na mimi pia sikuwa napo.

Kesho yake alimwita Baba Karanja na mkewe waje mpakani.

Nyinyi mliokulia mjini labda hamjui itoka. Ni mmea wenye kitunguu kikubwa ardhini, majani marefu kama mikanda, na mvua ikinyesha unatoa maua meupe yenye mistari ya rangi ya waridi. Huko kwetu, zamani kabla ya hati na mawe ya serikali, itoka ndiyo iliyokuwa mpaka. Watu wawili wanasimama, huyu upande huu na yule upande ule, na mashahidi wakitazama itoka inapandwa. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeing'oa. Baba Karanja, mwizi wa vigingi, mtu ambaye angeweza kukuibia hata kivuli, alikuwa akipalilia kuzunguka itoka kwa vidole, asije akaigusa na jembe. Walisema anayeing'oa mkono wake hautashika kitu tena, si chakula, si mtoto. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba kabla ya mwaka ule sikuwa nimewahi kuona mtu akijaribu.

Mpakani petu zilikuwa zimebaki itoka tatu za zamani. Shosho alizichimba pembeni taratibu, akatoa vitunguu vichanga, akaomba vingine kwa majirani, akavipanda mpaka wote kutoka juu hadi chini, mahali hasa ambapo barabara ingeingilia. Baba Karanja na mkewe wakasimama upande wao, kofia mkononi. Mimi nilibeba maji kwa kibuyu.

"Sasa," Shosho akasema, akijipangusa, "nione nani atapita."

Na mimi niliamini. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Mashine zilikuja mvua ya kwanza ilipokwisha. Tulizisikia kabla ya kuziona. Sauti ilikuja kwanza kwa miguu, kupitia ardhi, vikombe vikagongana kwenye kabati. Halafu katapila likatokea kwenye kona ya kahawa. Nitawaambiaje? Nilikuwa sijawahi kuona kitu kilichotengenezwa na watu kikiwa kikubwa hivyo. Lilikuwa la manjano, lina minyororo mahali pa magurudumu, na mbele lilikuwa na beleshi pana kuliko nyumba yetu. Lilisukuma mti wa mwalimu, mti ambao watu watatu hatukuweza kuuzungushia mikono, na mti ukalala polepole kama mtu aliyechoka. Mizizi ikatoka na udongo mwekundu ndani, unyevunyevu, wenye harufu ya mvua na chuma. Darasa zima la tatu tulikuwa tumetoroka shule, tumekaa juu ya ukingo. Mimi nilitaka lije karibu. Mungu anisamehe, nilitaka lije karibu zaidi.

Aliyeliendesha aliitwa Ndegwa, kijana mnene mwenye sauti nyororo, mtu wa bonde la pili tu kutoka kwetu. Watoto tulimwita Baba Katapila, na mchana alikuwa akitugawia chapati yake. Siku ya nne alifika mpakani petu. Shosho alikuwa amesimama nyuma ya itoka, mikono imekunjwa kifuani, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa na rungu wala bango. Itoka zilikuwa zimetoa maua.

Katapila lilikuja, likaja, likaja. Nilifumba macho. Halafu ile sauti iliyokuwa imejaa dunia ikashuka, ikakohoa, ikazimika. Nilipofumbua, Ndegwa alikuwa ameshuka chini, kofia mkononi, anatazama ardhi.

"Mama," akasema, "hii ni nani amepanda?"

"Ni mimi."

"Na mashahidi?"

"Ndio hawa wamesimama." Baba Karanja akainua panga kama mtoto anayejibu jina darasani.

Ndegwa akavuta pumzi. "Haiya. Basi mimi nimefika mwisho."

Nyapara akaja akikimbia na makaratasi, mtu mfupi kutoka mbali ambaye buti zake zilikuwa safi muda wote, sijui alifanyaje. "Ni nini? Mbona umezima?"

"Ni itoka, bosi."

"Ati nini?"

"Itoka."

Nyapara akainama, akatazama. "Haya ni maua!"

"Si maua."

"Ndegwa, uko na mashine inaweza kula hii kijiji yote, na unaogopa maua?"

"Bosi, panda wewe. Funguo ni hii hapa."

Nyapara akatazama funguo. Akatazama katapila, ngazi yake peke yake ilimfika kifuani. Mke wa Baba Karanja akacheka, kicheko kimoja kikubwa, na baada ya hapo kilima kizima kikacheka. Nyapara alirudi kwa gari lake akipiga simu.

Siku tatu, wasomaji wangu. Siku tatu lile dude lilisimama mbele ya maua ya Shosho. Watu walikuja hadi kutoka Mweiga kuona. Walimletea Shosho maziwa, viazi, kuku mmoja mwenye kelele. Shosho aliwapikia wote, na Ndegwa alikula pamoja nao, amekaa kwenye kigogo, kwa sababu alikuwa bado analipwa kulinda mashine. Mimi nilikuwa malkia. Shuleni nilipewa kiti cha mbele na penseli ya rangi. Kila jioni nilienda kugusa minyororo ya katapila, baridi, imekauka matope, na kugeuka kuzitazama zile itoka nyembamba zikitikisika kwa upepo, na nilishindwa kabisa kuelewa nguvu ilikuwa imekaa wapi. Ilikuwa wapi? Ndani ya kitunguu? Sijawahi kumwogopa Mungu kanisani jinsi nilivyomwogopa pale.

Jumamosi Ndegwa alikuja bila nguo za kazi. Alikuja na mke wake, msichana mdogo tu, na mtoto mgongoni wa miezi michache. Walisimama mlangoni mwa jiko. Nilikuwa nikichambua maharagwe, kwa hivyo nilisikia yote.

"Mama, nimekuja kukuaga," Ndegwa akasema. "Wamenipa barua ya kufutwa kazi. Jumatatu analetwa dereva mwingine. Huyo si wa huku. Yeye hajui itoka ni nini."

"Na wewe?"

"Mimi nitatafuta kitu."

"Kitu gani?"

Ndegwa akatabasamu tu. Kazi ya katapila haikuwa ikiokotwa njiani, hata mimi nilijua. Alikuwa ameisomea kwa miaka miwili na ardhi ya baba yake ilikuwa imeuzwa kwa hiyo.

Shosho aliwakaribisha uji. Akamchukua yule mtoto akamweka magotini. Alimvuta vidole vya miguu, kimoja kimoja, kama anavihesabu. Mke wa Ndegwa alikuwa akitazama chini, akinywa uji kwa haraka, kama mtu ambaye hakunywa chai asubuhi.

"Ukirudi kwa mashine kesho kutwa," Shosho akasema mwishowe, "barua itakufa?"

"Mama, mimi siwezi kukanyaga hiyo kitu."

"Sijasema ukanyage. Nimeuliza barua itakufa."

"Itakufa."

"Basi rudi."

Jumapili, baada ya kanisa, majirani walitoa vitu vya Shosho nyumbani. Kitanda, kabati, picha ya Babu. Mimi nilidhani ni mbinu. Nilidhani anawahadaa. Niliwaambia wenzangu kwamba Jumatatu mtaona.

Jumatatu asubuhi, umande bado, Shosho aliwaita tena Baba Karanja na mkewe. Wakasimama upande wao. Akashika jembe, akapiga magoti, akachimba itoka ya kwanza, akaitoa na kitunguu chake kizima, akaiweka kwenye kiondo. Halafu ya pili. Mke wa Baba Karanja alikuwa akilia waziwazi. Baba Karanja, ambaye sikuwahi kumwona akiinamia mtu, aliweka panga chini, akavuka mpaka, akapiga magoti kumsaidia. "Tulipanda pamoja," akasema. Wakang'oa zote, hadi zile tatu za zamani, na walipomaliza kulikuwa na mstari wa mashimo tu.

Ndegwa alikuwa juu ya katapila, injini imezimwa, amevua kofia. Alingoja hadi Shosho akatoka na kiondo chake. Kisha akawasha.

Sitawaficha ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Beleshi lilipopita, kilima kilifunguka kama mkate, chekundu ndani, tabaka juu ya tabaka, na kufikia jioni ya siku ya pili kulikuwa na pengo mahali palipokuwa na mgongo wa ardhi tangu dunia iumbwe. Na katika pengo hilo, Mlima. Kilimani kwetu hatukuwahi kuuona Mlima Kenya. Ule mgongo ulikuwa umeuziba. Sasa ulikuwa pale, mzima, na theluji yake na meno yake, unawaka. Wanaume walivua kofia. Akina mama wakaacha kuzungumza. Mimi nilisimama mahali palipokuwa na kitanda changu, nikiutazama, na sikujua nishangilie au nilie, nikafanya yote mawili.

Baadaye ikaja kokoto, ikaja rola, ikaja lami ile ya moto inayofuka moshi. Gari la maziwa likapanda hadi juu. Mjamzito wa kwanza kuzidiwa baada ya hapo alifika hospitali kabla chai haijapoa. Shosho alihamia kwa mama yangu hapa Ruring'u, chumba kimoja cha mawe, ambako hakukuwa hata na mahali pa kupanda sukuma wiki, na hapo ndipo alipozeekea. Fidia iliandikwa kwa jina la marehemu. Bado tunaifuata, na ndiyo maana mwaka jana nilijikuta kwenye ofisi ya ardhi, binti yangu ananivuta sketi, na kijana mmoja mpole akanifunulia ramani.

Nilitaka tu namba ya shamba la Babu. Lakini niliiona. Mstari wa kwanza, uliopita kwenye tambarare, umenyooka kama rula. Juu yake alama ndogo ya kalamu, ya kuufuta. Na mstari wa pili ukitoka kwenye wa kwanza, ukipanda, ukizunguka shamba kubwa la chai taratibu, kwa adabu, kama mtu anayezunguka meza ya mkubwa, halafu ukishuka tena. Kiwiko kizima cha barabara. Ndani ya kile kiwiko palikuwa jiko letu.

"Hapa mbona walipinda?" nikauliza.

Yule kijana akatazama mlango. "Madam, hiyo ni mambo ya zamani."

Nilikasirika hivi kwamba niliona nyota. Na sikiliza kilichonikasirisha. Si kwamba walikuwa wageni wasiojua. Yule mheshimiwa ni mtu wa kilima chetu. Alizaliwa huko, akachunga mbuzi huko, alifundishwa na mama yake kupita mbali na itoka kama sisi wote. Kama angeletwa pale mpakani akaambiwa ang'oe moja, moja tu, angevua kofia na kukataa kama Ndegwa. Lakini hakuletwa. Aliweka alama kwenye karatasi, ofisini, labda chai iko mezani, na karatasi haina maua. Nguvu niliyoitafuta kwenye kile kitunguu ilikuwa inawashika tu waliolazimika kusimama mbele yake na kuitazama. Waliobaki hawakuiona hata siku moja.

Na Shosho aliyajua hayo yote. Alijua tangu Jumamosi, na mtoto wa watu magotini, kwamba barabara itapita. Kilichobaki kilikuwa ni kuchagua nani aumie, na kati ya watu wote walioigusa barabara ile, kutoka kwa mwenye kalamu hadi kwa nyapara wa buti safi, yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali hilo. Mimi sikujua. Mimi nilikuwa mtoto aliyevuliwa taji.

Kwa hivyo niwaambie lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu. Asubuhi ile, alipokuwa amepiga magoti kwenye itoka ya mwisho, nilienda nikasimama mbele yake, watu wote wakisikia, nikamwambia, "Wewe ni mwoga."

Baba Karanja aliinua mkono kunipiga. Shosho akamzuia. Alisimama, mchanga hadi kwenye viwiko, akanitazama, na nyuma yake injini ilikuwa bado imezimwa, inamngoja.

"Umekunywa uji?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Uko kwa jiko, nimekufunikia. Enda unywe haraka, mama, kabla hawajafika hapo."

Nikaenda nikanywa. Ulikuwa bado moto.